Shajara ya Datsun 240Z ya mjomba: kutoka rangi hadi barabarani

4 Januari 2025

Daftari la kwanza la mradi huu, lililofunguliwa Agosti 2019 siku tulipolisukuma gari kutoka banda la nyuma ya nyumba, limejaa, na leo nafungua la pili kwa matumaini kwamba sitafika ukurasa wake wa mwisho. Gari ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, yenye usukani wa kulia na injini ya L24, yaani silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, zikilishwa na kabureta mbili za Hitachi. Mjomba alilinunua Nairobi mwaka 1978 likiwa limekwisha kutumika, akaliteremsha Mombasa kwa barabara, na akalitumia hadi mwaka 1991 breki zilipogoma na spea zikakosekana. Kuanzia hapo lilikaa miaka 28 chini ya paa la mabati hapa Tudor, karibu kabisa na maji ya bahari, na kila mkazi wa pwani anaelewa hewa hiyo hulifanya nini bati la gari.

Naandika hali ilivyo leo ili hesabu isipotee. Kazi ya kuchomelea imekwisha. Gari hili halina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito wote, kwa hiyo kutu iliyokuwa sakafuni haikuwa aibu ya sura bali hatari ya kweli. Asidi ya betri ilikuwa imetoboa kisahani chake katika chumba cha injini, ikateremka kwenye boriti ya chini na kuila hadi sakafuni, huku nyuma ya milango, pale mchanga na maji hujikusanya mbele ya tairi za nyuma, kukiwa kumebaki rangi tupu iliyoshikilia hewa. Kabla ya kukata chochote tulichomelea mihimili ya muda kati ya nguzo za milango, kwa sababu bodi ya namna hii ikikatwa bila kuzuiwa hujipinda, na baadaye hakuna mlango utakaofunga sawasawa. Mihimili hiyo tuliiondoa Novemba, na milango yote miwili ikafunga kwa kidole kimoja. Injini imefunguliwa na kufungwa upya, giaboksi iko tayari, na vyuma vyote vya chini vimepakwa rangi.

Kilichosalia ni rangi ya nje, nyaya, kuwasha injini, breki, vioo, ndani ya gari, na kisha barabara. Nimejiwekea mpaka mmoja: rangi lazima iishe wakati kaskazi ingali inavuma, kwa maana mvua za masika zikianza sitakuwa na siku hata moja kavu ya kupulizia.

11 Januari

Nimekwama kwenye boneti, na si kwa sababu ya chuma.

Kibati cha kiwandani kinaonyesha namba ya rangi 918, ambayo ni rangi ya chungwa, na tangu mwanzo mpango wangu ulikuwa kulirudisha gari jinsi lilivyotoka Japani. Nilipokuwa nikisugua boneti kwa msasa nilikuta tabaka nene la rangi nyeusi isiyong'aa, lenye michirizi ya brashi, juu ya ile ya chungwa. Nilimwita mjomba aje aione. Alikaa kwenye kiti chake barazani, akaniambia, "Hiyo niliipaka mwenyewe, mwanangu, hapo hapo ulipo. Gari la Mehta lilikuwa na boneti nyeusi, basi na langu likawa nayo."

Anayekumbuka Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, ya miaka ile hahitaji maelezo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z, na gari lile Nissan wanalihifadhi hadi leo huko Zama, Japani. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, wakashinda kwa 240Z nyingine baada ya kulingana alama na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina tofauti, na ikabidi kanuni ya kuvunja sare itumike. Mehta alishinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Magari yale ya timu yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, na weusi huo ulikuwa na kazi: huzuia jua linaloakisiwa na boneti ndefu lisimpige dereva machoni.

Swali linalonisumbua ni hili: gari hurudishwa siku gani? Likirudi siku lilipotoka kiwandani, boneti nyeusi ni uharibifu wa kuondolewa. Likirudi siku ambazo mjomba alikuwa kijana akilipeleka Malindi kila Jumapili, boneti hiyo ndiyo gari lenyewe. Kwa miaka mitano nimefuata jibu la kwanza bila kujiuliza.

18 Januari

Nimeamua. Bodi itakuwa ya chungwa ya namba 918 na boneti itakuwa nyeusi, ila safari hii itapuliziwa vizuri, bila michirizi ya brashi. Mjomba sikumwambia, ataiona.

Rangi ninayotumia ni ile inayochanganywa na kigumishi, nayo ina aisosayaneti, sumu inayoharibu mapafu hata pale pua isiposikia harufu yoyote. Barakoa ya kawaida haitoshi. Nimeazima kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka kompresa ndogo iliyowekwa mbali, upande unakotoka upepo, na nimewahamishia watoto wote kwa shangazi yao mpaka kesho kutwa. Ye yote atakayepaka nyumbani bila vifaa hivyo ni heri ampelekee fundi mwenye chumba cha kupakia.

25 Januari

Rangi imekaa. Nilitengeneza hema la turubai na nailoni uani, nikamwaga maji sakafuni ili vumbi lisipande, na nikaweka vichujio viwili vya maji kwenye mpira wa kompresa, kwa kuwa hewa ya Mombasa inaposhindiliwa hutoa maji mengi kupita mtu anavyotarajia. Wiki iliyopita nilijaribu kwenye mlango wa kifuniko cha mafuta saa moja asubuhi, rangi ikapata ukungu mweupe: unyevu ulikuwa juu, na kiyeyusho kinapokauka hupoza bati hadi umande mwembamba ukatua juu yake. Jana na leo nilingoja mpaka saa nne, jua likiwa limekwisha kukausha hewa lakini upepo wa mchana haujaanza, nikapulizia mikono mitatu, kila mmoja baada ya robo saa. Kuna punje mbili za vumbi kwenye paa na mdudu mmoja karibu na mlango wa nyuma. Zitatoka kwa msasa wa maji namba 2000.

Mjomba alitoka baada ya swala ya alasiri, akasimama mbele ya boneti muda mrefu, akasema tu, "Umepaka vizuri kuliko mimi."

8 Februari

Nyaya. Sitaandika mengi, maana nusu ya kazi ilikuwa kusafisha viungo na kufunga tepu, lakini jambo moja lazima likae kwenye kumbukumbu. Katika magari haya umeme wote wa taa kubwa hupita kwenye swichi ya usukani, na swichi hiyo, ikisaidiana na kisanduku cha fyuzi chenye vishikio vilivyolegea, hupata joto hadi plastiki ikayeyuka. Yetu ilikuwa imeyeyuka. Nimeweka rilei mbili karibu na taa, kila moja ikiwa na fyuzi yake, ili swichi ibaki na kazi ya kuamuru tu huku umeme mzito ukitoka moja kwa moja kwenye betri. Hili ni badiliko ambalo kiwanda hakikulifanya na mjomba hakulifanya, nami nalifanya bila kusita, kwa sababu hakuna siku ya zamani inayostahili kurudishwa pamoja na moto wake.

15 Februari

Injini haikuwaka leo, na kosa lilikuwa langu.

Asubuhi nilitoa plagi zote sita na kuizungusha kwa stata mpaka mshale wa shinikizo la mafuta ukapanda, kisha nikafungua kifuniko cha juu kuhakikisha kwamba kile kibomba kinachonyunyizia mafuta kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, hakijaziba. Nilirudisha plagi, nikapanga nyaya zake kwa mfuatano wa 1-5-3-6-2-4, nikageuza ufunguo. Injini ilipiga chafya kupitia kabureta ya mbele, mwali ukatokea, na nikaufunika kwa kitambaa kilicholowa nilichokuwa nimekiweka tayari. Mara ya pili ikawa vile vile.

Nilikaa chini na kufikiri. Injini za L zina mhimili mmoja unaoendesha pampu ya mafuta kwa chini na distributa, kigawa cheche za plagi, kwa juu, na ukifunga pampu bila kuangalia, mhimili huo huingia kwa jino lisilo lake. Pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa katika mgandamizo, mwanya ulioko kileleni mwa mhimili unatakiwa ukae kama mishale ya saa ya ukutani, mfupi ukiwa umepita kidogo 11 na mrefu ukiwa kwenye 5, na ule upande mwembamba wa kichwa chake utazame mbele ya gari. Wangu ulikuwa umegeuka nusu mzunguko, kwa hiyo cheche ilikuwa ikiifikia silinda wakati valvu ya kuingiza iko wazi. Nilikuwa nimeifunga pampu hiyo mwezi wa Oktoba, usiku, nikiwa na haraka. Imenibidi niteremshe pampu yote na kuanza upya, na mafuta lita nne yakaishia kwenye beseni.

16 Februari

Imewaka saa tano na dakika kumi asubuhi, kwa mgeuzo wa pili wa ufunguo.

Kwa kuwa kamshafti ni mpya na mikono ya valvu huisugua moja kwa moja, haikufaa kuiacha ingurume polepole. Dakika 20 za kwanza niliishikilia kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, nikipandisha na kushusha kidogo, jirani mmoja akiwa ameshika mpira wa maji tayari kwa dharura na mimi macho yangu yako kwenye rejeta na kwenye mshale wa mafuta. Hakuna kilichovuja isipokuwa maji machache kwenye mpira wa hita. Nilipoizima ukimya ulikuwa mkubwa mno. Mjomba hakuingia uani muda wote ule. Nilimkuta amesimama nyuma ya dirisha la jikoni, na kitu cha kwanza alichosema ni kwamba silinda ya tatu ina valvu inayogonga. Nilipima injini ikiwa bado moto: valvu ya kutolea moshi ya silinda ya tatu ilikuwa na nafasi ya milimita 0.40, badala ya 0.30. Alikuwa sahihi.

23 Februari

Siku nzima nimeitumia kwenye kabureta, na ndiyo siku niliyoifurahia kuliko zote katika mradi huu. Kabureta hizi zina pistoni inayopanda yenyewe kulingana na hewa inayovutwa, ikizuiwa isipande kwa pupa na mafuta mepesi yaliyomo katika mrija wake, na sindano iliyoning'inia chini yake ndiyo inayopima petroli. Zikiwa mbili, sharti zivute hewa kiasi kimoja. La sivyo silinda tatu hufanya kazi na tatu hufuata. Nilianza kwa kushusha nozeli za petroli mizunguko miwili na nusu kutoka juu, nikakata fimbo inayoziunganisha, kisha nikachukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta, nikasikiliza mvumo. Ya nyuma ilikuwa ikivuma kwa sauti nyembamba zaidi. Robo ya mzunguko wa skrubu, nikasikiliza tena. Mpaka saa tisa mvumo ukawa mmoja pande zote mbili na injini ikatulia kwenye mizunguko 750, kiasi kwamba glasi ya maji juu ya kifuniko cha valvu ilitikisika kidogo bila kumwagika.

15 Machi

Ramadhani. Kazi hufanyika baada ya tarawehe na huwa ya kimya: mipira, vioo, breki. Kioo cha mbele kimeingia usiku wa jana kwa msaada wa binamu zangu wawili. Kuna utaratibu usioruhusu kubadilishwa: ule mkanda wa bati linalong'aa huvalishwa kwenye mpira kabla kioo hakijaingia kwenye gari, kisha kamba hupitishwa katika mfereji wa mpira kwa ndani, mmoja akasukuma kioo kutoka nje na mwingine akavuta kamba taratibu, mpira ukajilaza juu ya ukingo wa bati. Mara ya kwanza tulisahau mkanda, tukalazimika kukitoa.

Breki zina mabomba mapya yote. Mbele ni diski, nyuma ni ngoma, na silinda za nyuma zilizokuwa zimeganda ndizo zilizolisimamisha gari mwaka 1991. Nimeziweka kwenye sanduku pamoja na vitu vingine vilivyotolewa, kwa kuwa mjomba hataki zitupwe. Tone moja la mafuta ya breki lilidondoka kwenye bodi karibu na boneti. Nililimwagia maji mara moja, hata hivyo rangi imepoteza mng'ao kwa ukubwa wa punje ya mchele.

22 Machi

Dashibodi. Ngozi yake ya plastiki ilikuwa na nyufa saba, kama ilivyo kawaida ya 240Z zilizokaa juani. Nimezichimba, nimezijaza kwa gundi ya kulainika na kuzipaka rangi, na anayezitafuta ataziona. Upande wa kulia kwa redio kuna matundu mawili ya skrubu, mahali mjomba alipofunga saa ya mkononi isiyo na mkanda ili ahesabu dakika zake kati ya Mombasa na Malindi. Matundu nimeyaacha.

Katika kisanduku cha dashibodi nilikuwa nimeshakuta, mwaka 2019, daftari lake dogo la petroli: tarehe, maili, lita, kuanzia 1978. Mstari wa mwisho ni wa Mei 1991. Leo nimelirudisha humo humo.

29 Machi

Mwendo wa kwanza, usiku, kutoka Tudor hadi Nyali na kurudi. Klachi inashika vizuri, usukani ni mwepesi na mkweli, na gia ya pili inaingia kwa shida mafuta yakiwa bado baridi. Lakini nilipofika nyumbani nilikuwa na kichwa kizito, nikadhani ni saumu, mpaka binamu yangu aliyekaa pembeni akalalamika vile vile. Ilikuwa moshi.

Ugonjwa huu unajulikana kwa magari haya: nyuma yake yamekatwa kwa namna ambayo gari likienda, hewa nyuma ya mlango mkubwa hupungua shinikizo na kuzunguka, ikiuchukua moshi wa ekzosi, na tundu lolote dogo huuvuta ndani. Ukifungua dirisha la mbele mambo huzidi kuwa mabaya, kwa kuwa hewa hutoka mbele na moshi kuingia nyuma. Nilimkabidhi binamu tochi, nikajifungia ndani gizani, naye akamulika kuzunguka nyuma yote. Mwanga ulipenya sehemu mbili kwenye gasketi za taa za nyuma na mahali pamoja chini ya mpira wa mlango, upande wa kufuli. Gasketi nimezikata upya kutoka kwenye karatasi ya mpira, na kufuli nimeishusha milimita mbili ili mlango ubane zaidi.

5 Aprili

Jumamosi ya kwanza baada ya Idi. Mawingu ya masika yamekwisha kujikusanya upande wa bahari, ila mvua ilitungoja.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mjomba pembeni yangu, tukapita daraja la Nyali, Mtwapa, Kikambala. Barabara inapanuliwa na sehemu nyingi ni vumbi na kokoto, nami nilikwenda kwa woga wa mtu mwenye rangi mpya, mpaka mjomba akaniambia gari hili halijazoea kutambaa. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo nilisimama kando ya njia na kumpa usukani. Ana miaka 76 na leseni yake ni halali. Alisogeza kiti mbele, akakanyaga klachi mara mbili kuipima, akaondoka. Gia ya pili, ile iliyonishinda wiki nzima, aliiingiza kwa kutulia kidogo katikati kabla ya kusukuma, na haikulia hata mara moja. Hakuna harufu ya moshi iliyosikika, dirisha likiwa wazi au limefungwa. Joto la injini lilibaki katikati hata tuliposimama kwenye msongamano wa Mtwapa wakati wa kurudi.

Kilifi tulijaza petroli. Mjomba alifungua kisanduku, akatoa daftari lake, akaomba kalamu, na chini ya mstari wa Mei 1991 akaandika tarehe ya leo, maili na lita 31.

Yaliyosalia: taa ya kiashiria cha kushoto haizimiki yenyewe usukani ukirudi, mlango wa kulia unapiga kelele kwenye mashimo, kipande cha katoni nilichokiweka chini ya difu, lile sanduku la gia la magurudumu ya nyuma, jioni hii kina tone moja la mafuta, kwa hiyo sili ya mbele itafunguliwa Jumamosi ijayo, mvua ikiruhusu.